Lori Likichelewa: Mhadhara juu ya Mazungumzo Yasiyo na Mwendeshaji

Jambo nililokuja kulizungumza nililiona mara ya kwanza hapa hapa Kebirigo, Nyamira, nikiwa darasa la sita, kikapu cha majani mgongoni.

Mnakijua kituo cha majani jioni lori linapochelewa. Majani yakibanwa kikapuni huchemka na kuwa mekundu, na karani akiyaona hivyo huyakataa. Kwa hiyo kila mtu humwaga yake juu ya meza, akayageuza, akayachambua, akatupa yaliyokomaa na kubakiza majani mawili na kichipukizi. Mikono ina kazi, masikio hayana. Hapo ndipo mazungumzo huanza, na ukiuliza nani aliyeyaanzisha hupati jibu. Jioni ninayoikumbuka yalianzia kwenye mbolea: nani amepata, nani ameandikiwa magunia asiyoyachukua. Yakaenda kwa mtoto wa jirani aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Yakarudi kwenye lori. Mzee mmoja akasema hii ni siku ya tatu mfululizo, na majani yakirudishwa hasara ni ya mkulima, dereva haimgusi. Mama mmoja, bila kuinua macho kutoka mezani, akataja kilo alizopoteza wiki ile. Mwingine akataja zake. Taa za lori zilipoonekana kilimani, watu watatu walikuwa wamekwisha kukubali kwenda kiwandani asubuhi, na ilikuwa imejulikana nani atawachumia chai yao wakiwa huko.

Hapakuwa na ufunguzi, wala agenda, wala kura. Asubuhi wale watatu walikwenda.

Miaka mingi baadaye nikaja kulipwa kwa kazi ya kuendesha mikutano. Kiswahili cha semina kinamwita mtu kama mimi mwezeshaji, na neno hilo limenisumbua tangu siku ya kwanza nilipoandikwa hivyo kwenye ratiba. Mwezeshaji ni yule anayewafanya wengine waweze. Wale wa kituo cha majani waliwezeshwa na nani? Ndilo swali lililonileta. Watu waliokusanyika wenyewe, kwa haja yao wenyewe, wanahitaji njia rasmi na mtu wa kuishika ili mazungumzo yao yazae kitu? Nimelibeba kwa zaidi ya miaka ishirini, na jibu langu la leo si lile ambalo ningewapa nilipoanza kazi.

Niwasimulie mkutano mmoja nilioendesha katika milima hii. Habari yake ilikuwa chemchemi na mikaratusi. Mnajua mti huu unavyokunywa maji. Mwaka 2009, John Michuki akiwa waziri wa mazingira, serikali iliamuru mikaratusi ing'olewe kwenye chemchemi na kando ya mito. Lakini kwetu mkaratusi ni benki. Viwanda vya chai vinahitaji kuni za kuwasha boila za kukaushia majani, na nguzo za umeme zina soko, na mti huu hukua haraka zaidi bondeni, pale pale maji yanapotoka. Mwenye shamba bondeni amepanda karo ya watoto wake. Mwanamke wa kilimani anashuka na mtungi na kukuta maji yamepungua. Wote wawili wana haki, na wote wawili ni majirani.

Shirika moja lilinituma tuwakutanishe. Tulikaa darasani, viti duara, karatasi kubwa ukutani, kadi za rangi tatu. Kila mtu aandike wazo lake, kadi zibandikwe, zipangwe kwa mafungu, kisha watu wapige alama kwenye mambo wanayoyaona mazito. Niliiamini njia ile na bado naiheshimu, kwa sababu kadi ya mtu mwenye haya hubandikwa ukutani kwa ukubwa ule ule wa kadi ya mwenye sauti nene. Wasiojua kuandika walimwambia kijana mmoja, msaidizi wetu kutoka Nairobi, naye akawaandikia. Mwenye miti ya bondeni alipoulizwa kwa nini alipanda pale, alisema baba ndiye aliyeamua. Kijana akaandika, akabandika kadi kwenye safu ya wanaume.

Ninyi mnatabasamu, lakini mhadhara huu utasomwa na wasio wa hapa, basi niwaeleze: kwa Ekegusii, lugha yetu, tata ni baba mzazi, na baba ni mama. Aliyeamua kupanda ile miti ni mama mjane aliyekuwa akitafuta karo. Katika ripoti iliyopelekwa Nairobi uamuzi wake ukaandikwa kuwa ni wa mumewe, ambaye alikuwa amefariki kabla mche wa kwanza haujatiwa ardhini. Niliona kosa lile wiki tatu baadaye, ripoti ikiwa imekwisha kuchapishwa. Sijawahi kulisahau, maana mjane yule alikuwa amekaa darasani siku ile, amenyamaza, akiamini ukuta unasema kwa niaba yake.

Mkutano uliisha kwa vipaumbele vitatu, picha ya pamoja, chai na mkate, na nauli. Hakuna mti ulioanguka.

Ulianguka miezi michache baadaye, na nilisimuliwa jinsi ilivyokuwa. Jioni, kwenye kituo, lori likiwa halijafika, mama mmoja alimuuliza yule mwenye miti kama mwanawe wa sekondari amekwisha kurudi shuleni. Akajibu bado. Mtu mwingine, ambaye ndugu yake hupeleka kuni kiwandani, akasema bei ya wakati ule. Yule bwana akahesabu kwa sauti huku akichambua majani yake: safu ya karibu na maji ikikatwa sasa inalipa karo ya muhula mmoja na inabaki kidogo, safu za juu zinaweza kungoja hadi ziwe nguzo. Hakuna aliyemtaka akiri kosa. Hakuna aliyemwandika. Alikata safu moja, mwaka uliofuata akakata ya pili, na mahali pake pakapandwa nyasi za ng'ombe.

Nimejiuliza mara nyingi kituo kilikuwa na nini ambacho darasa langu halikuwa nacho. Kwanza kilikuwa na habari. Bei ya kuni, siku ya kufunguliwa shule, deni la mtu: haya hayakuwamo kwenye kadi hata moja, kwa sababu niliuliza kuhusu chemchemi, na watu wastaarabu wakanijibu kuhusu chemchemi. Pili kilikuwa na kesho. Neno lisilokamilika leo litakamilika kesho jioni, kwa hiyo hakuna haja ya kumbana mtu. Darasani nilikuwa na saa nne na bajeti ya chakula cha mchana. Tatu, na hili nalipa uzito kuliko yote, mtu pale anaweza kubadilisha msimamo huku akitazama majani yake. Duara langu la viti lilimtaka abadilike huku watu arobaini wakimtazama usoni.

Ningeishia hapa mngenishangilia, nami ningekuwa nimewadanganya.

Kituo cha majani kina ukimya wake, na ukimya ule una wenyewe. Anayechuma kwa kibarua, analipwa kwa kilo na mwenye shamba aliyesimama meza ya pili, atasema nini kuhusu malipo ya kilo? Na mnajua chinsoni. Wageni wetu mnaweza kuliita haya au heshima, lakini ni zaidi ya hapo: ni mpaka kati ya kizazi na kizazi, na hasa kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Kuna maneno hayatajwi mbele yake, kuna namna ya kukaa, kuna mahali pa kutopita. Siidharau chinsoni. Imelinda nyumba nyingi. Lakini weka watu ishirini wa boma chache kuzunguka meza ya majani, uwaambie wazungumze kwa uhuru, nawe utakuwa umewanyamazisha wake za watu wote ambao baba zao wakwe wapo. Hakuna atakayewazuia kwa neno. Watachambua majani tu.

Kulikuwa na chama cha akina mama ambacho nami nilikuwamo. Hakikuwa na katiba wala zamu wala daftari la maana, kwa sababu tulisema tunajuana. Mweka hazina alikuwa mama anayependwa, mkubwa kwa umri, na mama mkwe wa watatu kati ya wanachama. Mmoja wa wakaza wana hao aliona hesabu haikai. Angesemaje? Alimnong'oneza mwenzake wa rika moja, naye akamnong'oneza mwingine, na baada ya muda wanachama wote walikuwa wakijua. Kwa miaka miwili jambo lililojulikana na kila mtu halikutajwa kikaoni hata mara moja. Na si kwamba vikao vile vilikuwa vya huzuni. Tulicheka, tuliimba, mazungumzo yalitiririka kama maji. Fedha ziliisha zikitiririka vivyo hivyo, na mwezi wa Januari walioweka akiba ya karo hawakuwa na kitu.

Baadhi yao walianza upya, na safari hii waliweka utaratibu mmoja mdogo. Kabla ya chai, fedha zinahesabiwa kwa sauti na watu wawili, na wawili hao wanapatikana kwa kura ya vijiti, kila kikao wapya. Basi ikifika zamu ya mkaza mwana, anahesabu mbele ya mama mkwe, na hesabu isipokaa anasema haikai, na hajamshitaki mtu. Amefanya zamu yake. Mnaona kilichotendeka? Utaratibu ulimpa mdomo ambao ukoo ulimnyima, na heshima ikabaki mahali pake.

Mwanaharakati mmoja wa Marekani, Jo Freeman, alilisema jambo la namna hii mwaka 1970 katika hotuba kwa wanawake wenzake, ambao walikuwa wameamua makundi yao yasiwe na viongozi wala taratibu. Aliwaonya kwamba kundi likikataa muundo unaoonekana, muundo usioonekana hushika usukani, nao huwa ni wa marafiki wa karibu na wenye ndimi nyepesi. Tena hauwezi kupingwa, kwa sababu hakuna anayekiri kwamba upo. Sikujua habari za hotuba ile wakati chama chetu kinakufa. Laiti ningeijua.

Kwa sababu hiyo sifa za mti mkubwa hunipa mashaka kidogo. Mwalimu Nyerere alipenda kueleza demokrasia ya asili ya Afrika kwa mfano wa wazee waliokaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana. Ni picha nzuri na ina ukweli ndani yake: kuzungumza mpaka kukubaliana ni kazi ngumu kuliko kuhesabu mikono, na watu wetu waliiweza. Lakini wale walikuwa wazee. Waliokuwa wakitwanga, wakichota maji na kuchunga hawakuwa chini ya mti, na makubaliano yaliwafikia jioni yakiwa yameiva.

Kwa upande wetu sisi Abagusii, yaani Wakisii, tulikuwa na zaidi ya mti. Tulikuwa na risaga, majirani wa mahali pamoja waliokusanyika kumlimia mmoja wao, kisha wakanywa pombe yake. Philip Mayer, aliyefanya utafiti huku mwishoni mwa miaka ya 1940, aliandika kuhusu ushirikiano huo. Tulikuwa na egesangio, kikundi kidogo zaidi, leo kwako kesho kwangu, na wanawake wengi walikuwa humo. Nawakumbusha haya kwa sababu moja tu. Risaga haikukutana ili izungumze. Ilikutana ili ilime, na mazungumzo yakaota katikati ya mistari ya wimbi. Aliyekuja ni aliyekuwa na jembe, hivyo kila aliyesema alikuwa amekwisha kutoa jasho. Meza ya majani ni mjukuu wa risaga.

Kisha likaja baraza. Neno ni la pwani, ni ile benchi ya mawe mbele ya nyumba ambapo majirani huketi na kupiga soga hadi isha. Lilipopanda bara lilivalishwa kofia ya chifu. Chini ya sheria ya mamlaka ya machifu, yenye mizizi yake mwaka 1937, chifu aliweza kuwaamuru watu wafike, na asiyefika alikuwa na kesi. Na upande wa pili, watu wakitaka kukutana bila chifu walihitaji leseni, mpaka sheria zilipolegezwa mwaka 1997. Fikirini hayo mawili kwa pamoja. Kwa miongo mingi mkutano wa kwenda uliamriwa, na mkutano wa kujiitia ulikuwa hatari. Ndiyo maana nikisimama mbele ya wazee wa hapa na kalamu yangu ya wino mzito, naona nyuso zikifungwa. Nimesimama mahali ambapo bwana DO, afisa wa serikali, alisimama. Wananiambia wanachofikiri nataka kusikia, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanaondoka. Leo katiba ya 2010 inadai ushirikishwaji wa umma, na ni jambo jema mno, lakini mara ngapi tumeona meza kuu ile ile, hotuba zile zile za wageni waalikwa, na dakika mbili za mwananchi saa ya mwisho wakati mvua inatishia?

Basi hizi njia rasmi zenyewe zimetoka wapi? Nilipochimba nilishangaa. Henry Martyn Robert alikuwa mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863, mjini New Bedford, aliombwa aongoze mkutano kanisani, hakujua namna ya kuuongoza, na mkutano ukaharibika. Aliona aibu kiasi cha kuanza kujifunza kanuni za mikutano, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kidogo cha kanuni hizo. Ukisikia leo katika kikao cha kanisa au cha ushirika mtu akitoa hoja na mwingine akiiunga mkono, unasikia adabu ile ile ambayo Robert aliikusanya baada ya fadhaa yake ya New Bedford.

Kisha kuna Harrison Owen. Huyu alitumia mwaka mzima kuandaa kongamano, na lilipokwisha watu wakamwambia sehemu bora ilikuwa mapumziko ya chai. Mwaka 1985, huko Monterey, California, akajaribu kongamano ambalo ni mapumziko ya chai matupu: watu waketi duara, mwenye jambo alitaje, alibandike ukutani, wanaolitaka wamfuate. Njia hiyo aliiita Open Space, na leo inafundishwa duniani kote. Lakini Owen mwenyewe alieleza kwamba wazo la duara alilitoa katika kijiji cha Balamah, Liberia, alikokwenda kama mpiga picha na kushuhudia siku nyingi za sherehe za jando zikiendeshwa bila kamati ya maandalizi. Kijiji cha Afrika kikatoa desturi, California ikaipa jina, na ikaturudia katika semina ikiwa na ada. Hata huku Kenya, mwaka 1988 pale Mbusanyi, Machakos, wanakijiji walikaa na wataalamu wa Sekretarieti ya Taifa ya Mazingira na wa Chuo Kikuu cha Clark wakapanga pamoja matumizi ya ardhi na maji yao. Mbusanyi ni miongoni mwa mahali ambapo ile njia ya wanakijiji kuchora ramani yao wenyewe ardhini, ambayo mtafiti Robert Chambers aliieneza ulimwenguni, ilipata umbo lake.

Sisemi haya ili tudai hakimiliki. Nasema kwa sababu yanaonyesha njia ni kitu gani: desturi ya watu fulani iliyoandikwa ili ibebwe kwenda kwa watu wengine. Na kitu kikibebwa, kinaacha udongo nyuma. Kilichobaki Balamah ni watu kujuana tangu kuzaliwa.

Kuna njia rasmi moja, hata hivyo, ambayo ina udongo wake hapa, na hatuitazami kwa sababu tumeizoea mno. Jumamosi asubuhi, zunguka makanisa ya Waadventista kuanzia hapa hadi Nyanchwa, ambako wamisionari wao walifika mwanzoni mwa miaka ya 1910. Utaona watu wameketi kwa madarasa, mengine ndani, mengine chini ya miti, na kila darasa linabishana. Shule ya Sabato ina utaratibu mkali kuliko semina yoyote niliyowahi kuendesha: kijitabu kimoja kwa robo mwaka, somo moja kwa wiki, fungu moja kwa kila siku, maswali yamekwisha kuchapishwa. Kwa nini watu hawasinzii? Kwa sababu kijitabu kiko mkononi mwa kila mmoja. Mwalimu akiruka swali la Jumatano, msichana wa kidato cha pili atamwambia, mwalimu, tumeruka Jumatano. Nimeshuhudia kwa macho yangu binti akimrekebisha mzee wa kanisa kwa namna hiyo, na mzee akamshukuru na kurudi nyuma. Darasani kwangu, siku ile ya chemchemi, ni nani angeniambia nimeruka kitu? Ratiba ilikuwa kwenye faili langu.

Hapo ndipo nilipobadilika. Niliacha kuuliza kama mazungumzo yanahitaji njia, nikaanza kuuliza njia iko mikononi mwa nani.

Lakini pana mahali ambapo hata hilo halitoshi, mahali ambapo watu hawawezi kusimama kwenye foleni moja. Soko la Chepilat liko mpakani, Borabu upande huu na Sotik upande ule. Lilichomwa mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi. Kabla ya hapo mlinunua na kuuza pale kila wiki, Wakisii na Wakipsigis, na mlijadiliana bei bila msaada wa mtu. Siku zile za Januari hakuna lori lililochelewa ambalo lingewaweka pamoja. Mazungumzo yanayojiota yanahitaji mahali ambapo pande zote zinathubutu kusimama, na mahali hapo palikuwa majivu.

Kwa jambo kama hilo nawapeleka Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za huko zilikuwa zinauana, hata soko likagawanyika: mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua kwa mwanamke wa ukoo ule. Mwaka 1992 baadhi ya wanawake waliokutana harusini walianza kusema kwamba hali ile haivumiliki. Dekha Ibrahim Abdi, mama kijana wakati huo, alikuwa mmoja wao. Walianzia pale ambapo mkono wao ulifika, sokoni, wakahakikisha kila mwanamke anaweza kuuza na kununua kwa yeyote, na wakaweka watu wa kuangalia jambo hilo. Huo ulikuwa utaratibu, na waliutunga wao. Walipotaka kuwafikia wazee walijua wazee hawataitwa na wanawake, kwa hiyo waliwatafuta wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa zikishindana kwa ukubwa, na hao ndio waliowaita wengine. Septemba 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah, na baadaye kazi ile ikawa na kamati inayotambuliwa na serikali ya wilaya.

Angalieni ustadi ule. Wanawake wa Wajir hawakuwa na kitabu cha mbinu. Walijua nani hawezi kumwita nani, na wakatafuta mtu ambaye wito wake ungeitikiwa. Dekha baadaye alifundisha mbinu za amani katika nchi nyingi, akapewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na Januari 2008, nchi ikiwaka, alikuwa Nairobi pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Majenerali Opande na Sumbeiywo na George Wachira, wakikutanisha watu hotelini asubuhi baada ya asubuhi chini ya jina la Wananchi Wanaojali Amani. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani. Kenya haijamlilia vya kutosha.

Basi nikiulizwa leo na kamati ya kituo, au na chama, au na ofisi ya kaunti, kama wamlete mtu wa kuendesha mazungumzo yao, huwa nawauliza kwanza nani atalipa kwa kitakachoamuliwa, na kama anaweza kusema mahali hapo bila kuadhibiwa nyumbani au kazini. Wanaolipa wakiwa wote wapo na midomo yao iko wazi, nawasihi wasiniite. Nitaharibu. Jambo likiwafunga wasiokuwapo, au likihusu fedha, au likiwa kati ya mtu na aliye juu yake kwa ukoo au kwa mshahara, watunge utaratibu, hata mdogo kama vile vijiti vya wale akina mama, na kila mmoja aujue kwa moyo kabla ya kuanza. Wakiogopana, watafute mtu, na wamtafute kama walivyotafuta Wajir, kwa kuangalia wito wa nani utaitikiwa. Cheti chake cha semina kije mwisho. Na katika haya yote mgeni aandike maneno kwa lugha ya aliyeyasema, ili mama asigeuzwe kuwa mume wake.

Kuna kanuni moja ya Owen ambayo wanafunzi wake huikariri: mtu akijikuta mahali ambapo hajifunzi wala hachangii, atumie miguu yake aende pengine. Niliifundisha kwa miaka, nikidhani naielewa.

Mwaka huu nilikuja kumtembelea mama, nikampelekea majani kituoni kama zamani. Lori lilichelewa. Mazungumzo yalikuwa kuhusu malipo ya wachumaji, na yalikuwa ya wenye mashamba tu. Meza ya mwisho alikuwapo mwanamke kijana, mke wa mtu, ambaye huchuma mashamba ya watu wengine ili aongezee nyumba yake. Baba mkwe wake alikuwa meza ya pili. Mzee yule aliyageuza majani yake mara mbili tatu. Kisha akasema, kwa kila mtu na kwa hakuna mtu, kwamba anakwenda barabarani kuangalia kama lori linapanda. Lori likipanda kilima kile husikika kabla halijaonekana. Kila mtu pale anajua. Akatoka, akajifunga koti, akasimama kando ya lami akiwa ametupa mgongo.

Mwanamke yule alianza kusema. Alisema shilingi anazolipwa kwa kilo, saa anazoamka, na mashamba mawili ambayo humcheleweshea malipo, bila kuyataja, ingawa wenyewe waliinama zaidi juu ya majani yao. Watu walimuuliza maswali akajibu. Mmoja wa wale walioinama akasema Ijumaa.

Lori lilifika saa mbili kasoro robo usiku. Mzee alikuwa bado barabarani, na ilibidi dereva ampigie honi ili apishe.